Mama alianguka bafuni usiku, simu ikabaki kitandani. Kifaa gani cha kuita msaada kinafaa kweli?

Fundi Spika aliuliza:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Naomba ushauri, na naomba mwenye kuuza asiniletee tangazo. Mama yangu ana miaka 78. Anaishi na mdogo wangu wa kike, ambaye wiki mbili kila mwezi yuko kazini usiku. Mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti, kwa hiyo usiku ndio mchana wangu. Nikiwa kwenye shughuli, simu hata ikilia mfukoni siisikii.

Wiki tatu zilizopita mama aliamka saa nane usiku kwenda haja ndogo, akaanguka bafuni. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, lakini mguu ulimkalia vibaya akashindwa kuinuka. Simu yake, ile niliyomnunulia yenye namba kubwa kubwa, ilikuwa kitandani, hatua saba kutoka pale alipolala. Nimezihesabu. Mdogo wangu alimkuta saa kumi na mbili kasoro. Karibu saa nne kwenye sakafu yenye maji, anagonga ndoo kwa kopo ili jirani asikie. Jirani alisikia. Akadhani ni bomba.

Tangu siku hiyo nimesoma hadi kichwa kinauma. Kuna kidani chenye kitufe, kuna saa inayojua mtu ameanguka, kuna vihisi vya ukutani, kuna kibandiko cha kifuani kinachotuma mapigo ya moyo bila waya, kuna kile cha kidoleni cha oksijeni. Nilikuwa nafikiria kuchukua vyote, niviunganishe na simu yangu, niwe nauona moyo wa mama kama ninavyoona taa za mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Ni akili au ni wazimu? Na kama ni kimoja tu, kipi?

Kijana wa Juzi alijibu:

Mnunulie saa, maliza. Apple Watch inatambua kuanguka tangu 2018. Akianguka kwa kishindo inamgonga mkononi na kupiga kelele, asipotikisika kwa kama dakika moja inahesabu sekunde 30 kisha inapiga namba ya dharura yenyewe. Swali refu, jibu fupi.

Mzee Waya alijibu:

Mwanangu Fundi Spika, mpe mama pole zangu. Nimekuwa fundi wa vifaa tiba miaka 19, mingi kati yake kwenye wadi ya moyo, ambako wagonjwa hutembea na kisanduku shingoni kinachotuma mchoro wa moyo kwa redio hadi kwenye skrini ya manesi. Kwa hiyo nina maneno mengi, uniwie radhi.

Nianze na saa ya kijana. Ndani yake kuna kichipu kinachopima mchapuko, yaani kasi inavyobadilika. Ukitulia kinasoma 1 g, yaani mvuto wa dunia. Ukiporomoka kinasoma karibu na sifuri kwa kitambo kidogo sana, halafu kishindo, halafu kimya. Programu inawinda hayo matatu yakifuatana. Sasa muulize mama: alidondoka kama gunia, au aliteleza huku ameshika ukuta akaenda chini polepole? Wazee wengi huenda chini kwa mtindo huo wa pili, na kwa kichipu huyo ni mtu aliyeketi tu. Kinyume chake, simu zenye kutambua ajali ya gari, zilizotoka 2022, zimewahi kuwapigia watu wa dharura kumbe mwenye simu yuko kwenye treni ya michezo, ile inayopanda na kuporomoka kwa kasi, anapiga mayowe kwa raha zake. Na kuna jambo dogo ambalo watu hawalisemi: saa kama hiyo inataka chaji karibu kila siku, na mtu huichaji akilala. Mama alianguka saa ngapi?

Lakini swali lililonishtua kwenye maelezo yako halihusu kifaa. Umesema mwenyewe kuwa ukiwa kazini simu huisikii. Basi kitufe kikibonyezwa saa nane usiku, nani anaitika?

Nikupe kisa. Novemba 1935 nyumba moja ya mtaa wa Wimpole, London, iliwaka moto, wanawake watano wakafa. Jirani aliuona moto akapiga simu, akawekwa kwenye foleni ya opereta kama mtu anayetaka kumsalimia shangazi. Alikuwa na simu mkononi, na waya ulikuwa mzima. Baada ya kelele nyingi, tarehe 30 Juni 1937 ikaanza namba ya dharura, 999. Watu hudhani uvumbuzi ulikuwa ile namba. Kwa jicho la fundi, kazi ilikuwa kwenye meza ya mpokeaji: mtu akipiga 999, taa nyekundu inawaka na honi inalia, opereta anaacha wengine wote anachukua hiyo. Mpigaji aliongezewa namba tatu tu za kukumbuka. Kazi nzito ilihamia upande wa pili.

Ndivyo ilivyo tangu mwanzo wa mambo haya. Mwaka 1905 Willem Einthoven, mtaalamu wa Leiden, Uholanzi, alitaka kupima mioyo ya wagonjwa wa hospitali, lakini mashine yake haikuhamishika. Akavuta waya wa simu wa kilomita 1.5 kutoka hospitali hadi maabara yake. Mgonjwa alitumbukiza mikono kwenye mitungi ya maji ya chumvi, na mwisho wa waya alikuwepo Einthoven mwenyewe anasoma. Baadaye Mmarekani Norman Holter akaondoa waya, akabeba mgongoni mtambo wa redio wa karibu kilo 38 ili moyo upimwe mtu akiwa kwenye mwendo. Leo kilo 38 zimekuwa kibandiko unachokisahau kifuani. Upande wa kutuma umepungua hadi kuwa kipande cha plasta. Upande wa kupokea bado unataka binadamu aliye macho, na binadamu hajapungua uzito.

Sasa kuhusu wazo lako la kuutazama moyo wa mama kama taa za mikisa. Usifanye. Nimeiona wadi inavyochoka. Elektrodi, yaani kile kibandiko kinachonasa umeme wa moyo, inabanduka kwa jasho, kengele. Mgonjwa anapiga mswaki, mkono unatikisa waya, mashine inadhani moyo umepagawa, kengele. Tume inayokagua hospitali za Marekani ilitoa onyo mwaka 2013: katika kama miaka mitatu na nusu ilikuwa imepokea taarifa za matukio 98 yanayohusu kengele za mashine, na 80 kati yake yaliisha kwa kifo. Onyo hilo hilo lilisema asilimia 85 hadi 99 ya kengele hazihitaji mtu kufanya lolote. Fikiria, hao ni manesi waliolipwa kukaa pale na kutazama. Wewe uko nyuma ya spika.

Na kengele inayolia bure si mbaya kama kimya cha uongo. Usiku mmoja niliitwa kuangalia skrini ya kitanda cha nne. Mstari umenyooka, umeandikwa kwa rangi ya njano kuwa hakuna mawimbi, bila sauti yoyote. Betri ya kisanduku ilikufa dakika arobaini nyuma. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anakoroma, salama kabisa. Lakini kwa dakika arobaini tulikuwa na mtu ambaye kila mmoja wetu aliamini analindwa. Tangu hapo nikipewa kifaa chochote kipya, kabla sijauliza kinafanya nini, nauliza kikifa kinasemaje. Muulize muuzaji wako hivyo hivyo. Kifaa kizuri hujaribu njia yake chenyewe kila siku, na kisipoweza, kinamwambia mtu.

Kwa kuwa wewe ni wa sauti, redio utanielewa haraka. Unajua maikrofoni isiyo na waya inavyokufa ghafla kwa sababu mtu mwingine kaingia kwenye masafa yako? Februari 1998 kituo kimoja cha televisheni cha Dallas, Marekani, kilijaribu kurusha matangazo ya dijitali kwenye chaneli iliyokuwa tupu. Kumbe hospitali ya jirani ilikuwa inaitumia hiyo hiyo kwa wagonjwa wake wa moyo, skrini zikapoteza mawimbi. Miaka miwili baadaye Marekani ikavitengea vifaa hivyo masafa yake. Ulaya wametenga kipande kidogo kwenye megahezi 869 kwa ajili ya vidani vya wazee peke yake. Bluetooth na waifai nyingi ziko kwenye gigahezi 2.4, masafa ya wazi kwa kila mtu, sokoni kabisa, na masafa hayo humezwa na maji. Mwili wa mtu ni maji. Mama akiulalia mkono wenye saa, amekaa juu ya antena. Ongeza vigae, kioo, nondo za ukutani na mlango uliofungwa.

Kwa hiyo usikijaribu kifaa ukiwa umesimama sebuleni. Lala sakafuni bafuni, funga mlango, lalia mkono, bonyeza. Kama hakiiti ukiwa hivyo, hakiiti.

Na uliza kinatumia mtandao wa kizazi gani. Mwaka 2022 kampuni kubwa za simu za Marekani zilipozima 3G, yaani mtandao wa kizazi cha tatu, vifaa vya tahadhari vilivyoitegemea na visivyobadilishwa vilibaki kuwa mapambo ya shingoni.

Fundi Spika:

Mzee, shikamoo, na ahsante. Hilo la kulala sakafuni limenichoma, maana nilishaazima kidani kimoja kwa rafiki nikakijaribu nikiwa nimesimama mlangoni, nikafurahi. Na mama anasema aliteleza kwa kushika ukuta, kama ulivyosema. Nitarudi.

Bibi Kitufe alijibu:

Wanangu, naona mnamjadili mama kama mnavyojadili jokofu. Mimi ndiye huyo mama. Nina miaka 81, nimefundisha watoto miaka thelathini na tano, na kidani ninacho hapa shingoni ninapoandika.

Mara ya kwanza nilipoanguka nikiwa nacho sikukibonyeza. Najua mtashangaa. Nilikuwa nimelala chali kati ya kitanda na kabati, kitufe kiko juu ya kifua changu, nikajiambia, ngoja nijaribu kwanza kuinuka. Nikajaribu. Nikajiambia, kwani ni usiku, kwa nini niwasumbue watoto. Nikafikiria wataingia wanione na hali niliyokuwa nayo ya nguo. Nikafikiria wakivunja mlango. Nikafikiria, kubwa kuliko yote, kwamba kesho yake kutakuwa na kikao cha kuamua nihamishiwe kwa nani. Saa moja na nusu nilifikiria hivyo, hadi baridi iliponishinda.

Kumbe siko peke yangu. Mwaka 2008 BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliowafuatilia kwa mwaka mzima watu waliovuka miaka 90. Asilimia 30 ya walioanguka walikaa chini saa moja au zaidi. Wengi walikuwa na kitu cha kuita msaada, na wengi wa hao waliokaa chini muda mrefu hawakukitumia. Hiyo saketi hamtaitengeneza kwa fundi.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kununua, kaa na mama yako. Usimwambie "nimekuletea." Muulize anataka nani aitwe kwanza. Mimi nilimchagua mpwa wangu, si mwanangu wa kwanza, na wote walinuna, lakini mpwa haniulizi "ulikuwa unakwenda wapi usiku?" Anauliza "unaumia wapi?" Muahidi mama kuwa akibonyeza hakuna kikao. Na ahadi hiyo uitimize.

Mengine ni madogo madogo. Kamba ya shingoni iwe ile inayokatika ikivutwa kwa nguvu, isije ikanasa ikamnyonga. Kitufe kisimkwaruze usiku, maana kikimkwaruza atakitundika kwenye kona ya kitanda kama nilivyofanya mimi. Kiwe cha kuingia majini, na akioga asikivue. Kama bafuni mtaweka kamba ya kuvuta ukutani, ishuke hadi karibu na sakafu. Nimeona nyingine zimefungwa juu juu kwa unadhifu, kana kwamba mtu ataanguka kwa kupanda.

Nesi wa Zamu alijibu:

Bibi Kitufe, shikamoo. Nimekusoma mara mbili.

Kaka Fundi Spika, mimi nagusa mawili tu halafu narudi wadini. La kwanza ni hicho kifaa cha kidoleni cha oksijeni ulichotaka kiwe kinakutumia namba usiku kucha. Ni kifaa kizuri. Takuo Aoyagi wa Japani aligundua namna yake, akaitangaza mwaka 1974: unapitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwenye kidole, unafuata sehemu ile tu ya mwanga inayocheza na mapigo, na kwa kulinganisha mianga miwili unajua damu ina oksijeni kiasi gani. Shida ni kwamba mwanga unapita kwenye ngozi kwanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wa mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao kifaa kilisoma asilimia 92 hadi 96, yaani namba ya kutuliza moyo. Damu yao ilipopimwa yenyewe, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kwa ngozi zetu, basi, namba nzuri kidoleni isikuzuie kumsikiliza mtu anayehema kwa shida. Na mkono ukiwa wa baridi au kucha zikiwa na rangi, ndiyo inaharibika zaidi. Usiku, mama akigeuka, kitachomoka, na wewe utaamshwa na kidole kisichokuwepo.

La pili. Watu wote hapa wamezungumzia nini kifanyike akishaanguka. Kwa nini alianguka? Mzee aliyeamka usiku kwenda haja, akasimama ghafla, akaenda chini taratibu akishika ukuta: mimi ningeanza na presha. Tumia kipimo cha kawaida cha mkononi. Alale dakika tano, mpime. Asimame, mpime ndani ya dakika tatu, na mtu awe karibu kumshika. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, andika vyote umpelekee daktari pamoja na dawa zake zote na saa anazomeza. Usimbadilishie wala kumwachisha dawa mwenyewe, nakuomba.

Na kwa kuwa alilala chini karibu saa nne, kama hajapimwa damu, apimwe. Misuli iliyobanwa muda mrefu humwaga vitu vinavyoweza kuumiza figo, na mkojo wa rangi ya chai nzito ni dalili ya kukimbilia hospitali.

Kijana wa Juzi:

Sawa, nimekubali, jibu langu lilikuwa fupi mno.

Fundi Spika:

Narudi kama nilivyoahidi. Siku kumi na mbili zimepita.

Figo zilipimwa, ziko salama. Presha: amelala 151 kwa 84, amesimama 122 kwa 76. Nilirudia siku tatu, asubuhi zote ilishuka zaidi ya 20. Daktari amebadilisha dawa moja na saa ya kuimeza, na tumeambiwa akae ukingoni mwa kitanda kwanza kabla ya kusimama. Mama anakaa akihesabu hadi sitini kwa sauti. Mdogo wangu anasema inamwamsha, mimi nasema afadhali.

Kifaa: tumechukua kidani cha kitufe chenye kituo chake cha mezani kinachotumia laini ya simu, chenye spika ya kuongea. Kinajijaribu chenyewe kila siku, kikishindwa kinanitumia ujumbe. Nililala sakafuni bafuni na mlango umefungwa, kidani nimekilalia, mama amesimama korido anacheka hadi machozi. Hakikuita. Kituo kilikuwa sebuleni nyuma ya televisheni. Nikakihamishia korido, juu ya kabati, nikalala tena. Kikaita. Nikajaribu pembe zote za bafu. Pembe ya nyuma ya ndoo ni dhaifu, tumeihamisha ndoo.

Suala la nani aitwe, Bibi Kitufe, nilimuuliza kama ulivyoelekeza. Nilidhani atanitaja mimi. Alimtaja yule jirani aliyedhani ni bomba. Anasema tangu siku ile ana aibu kiasi kwamba sasa atakuja mbio hata kwa bomba la kweli. Nimeongea naye, tumempa ufunguo. Wa pili ni mdogo wangu, wa tatu ni mimi, na nimefunga kifaa cha kutetemesha mkanda wa suruali ili nikiwa kwenye spika niihisi simu. Vibandiko vya moyo sijanunua.

Juzi saa tisa usiku, katikati ya shughuli, kiuno kikatetemeka. Nikatupa vipokeasauti, nikakimbilia nje, nikapokea huku nahema. Kumbe jirani alikuwa safarini na mdogo wangu yuko kazini, kwa hiyo kilinifikia mimi. Nikasema, "Mama, uko wapi? Umeumia?"

Akasema, "Niko kitandani. Nilikuwa naangalia kama na wewe utapokea."